Mti Mwekundu: Mbao za Sauti Kusini mwa Maniema

Fidla iliyotengenezwa Cremona, Italia, hubeba misitu ya mabara matatu. Uso wake ni sprusi ya milima ya Alpi. Mgongo na shingo ni mepo, mara nyingi kutoka nchi za Balkani. Uta wake, kwa zaidi ya karne mbili, umechongwa kwa pernambuko ya Brazili. Na ule ubao mweusi ambao vidole vya mpigaji hukimbia juu yake ni ebeni, mti wa misitu ya Afrika ya Kati. Masimulizi mengi ya chombo hiki huitaja Afrika hapo tu: mahali palipotoka ubao mweusi.

Masimulizi hayo yameacha mengi. Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, watu walichagua miti kwa masikio yao muda mrefu kabla fidla haijasikika katika nchi hiyo, na ujuzi wao hauna sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya ule wa Cremona. Tofauti kubwa ni yale yaliyopita juu ya misitu yao katika miaka 150 iliyopita: misafara, mpira, reli, pamba, vita, kisha biashara ya magogo.

Kabla ya misafara: nchi ya misitu miwili

Ukitoka mji wa Kindu na kwenda kusini kwa kufuata mto Lualaba, msitu mnene wa ikweta huanza kukatika. Nyasi ndefu huingia katikati, na miti mikubwa hubaki imeshikilia mabonde ya mito, kama Luama, mto unaopita nchi ya Kabambare kabla ya kumwaga maji yake Lualaba. Upande wa kaskazini ndio makao ya paduki, mti ambao wanasayansi huuita Pterocarpus soyauxii. Upande wa kusini, katika misitu mikavu inayoelekea Katanga, huota ndugu yake, mukula, yaani Pterocarpus tinctorius. Yote miwili ina moyo mwekundu kama damu, umezungukwa na mbao ya nje iliyopauka.

Wekundu huo ulijulikana na kila mtu. Moyo wa miti hii ulisagwa ukawa unga, ukachanganywa na mafuta, ukapakwa mwilini na juu ya sanamu katika sehemu kubwa ya Kongo. Mchongaji wa ngoma naye aliutaka moyo huohuo.

Ngoma inayohusika hapa haina ngozi. Watetela na jamaa zao Wakusu huiita lukumbi au lokombe: gogo moja, pana chini na jembamba juu, lililotobolewa tumbo lote kupitia mwanya mwembamba mgongoni mwake. Kila kitu hutoka na kuingia kwa mwanya huo. Fundi huingiza patasi yenye mpini mrefu, huchimba gizani, na hupima kwa mkono na kwa sikio unene wa ukuta asioweza kuuona vizuri. Mdomo mmoja wa mwanya huachwa mnene, wa pili hupunguzwa zaidi kwa ndani. Ngoma ikipigwa, mdomo mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine ya chini.

Sauti hizo mbili zilitosha kusema. Lugha za eneo hili ni lugha za toni, ambamo neno lileile hubadilika maana sauti ikipanda au ikishuka, na mpigaji alizifuata toni hizo kwa virungu vyake. Kwa kuwa maneno mengi hufanana toni, jina moja halikupigwa peke yake. Lilizungushiwa msemo mrefu uliozoeleka ili msikilizaji wa mbali asikosee. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliueleza utaratibu huu kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazosema, akitumia hasa mifano ya Walokele. Ngoma ya namna hiyo ikiwa na mti mbaya haichukizi masikio tu. Inasema uongo, kwa sababu toni mbili zikikaribiana mno habari ya msiba inaweza kusikika kama mwito wa uwindaji.

Kwa hiyo uchaguzi wa mti ulikuwa jambo zito. Shina lilipaswa kuwa nene kiasi cha kutoa moyo mtupu baada ya mbao ya nje kuondolewa, maana mbao ya nje huliwa na wadudu na hufifisha sauti. Nyuzi zilipaswa kunyooka. Fundo lililo karibu na mdomo wa mwanya hubadili toni, na ufa mdogo huwa ufa mkubwa ngoma ikianza kupigwa. Gogo lilibishwa kwa kisigino cha tezo na kusikilizwa: mlio mfupi uliokufa ulimaanisha ugonjwa ndani. Baada ya hapo ilibidi mti ukauke polepole kivulini, kwani jua kali hupasua kwa siku chache kazi ya majuma.

Fundi wa fidla anayatafuta karibu mambo hayohayo. Katika msitu wa Paneveggio, kwenye bonde la Fiemme kaskazini mwa Italia, sprusi hukua polepole kwa sababu ya baridi, na miduara yake ya kila mwaka hubanana. Mafundi hupenda kuipasua kwa kufuata nyuzi badala ya kuikata tu kwa msumeno, hukataa mafundo, na huiacha ikauke kwa miaka. Wao pia hubisha ubao kwa kidole na kutega sikio. Tofauti iko kwenye kazi ya chombo. Uso wa fidla unasukumwa na nyuzi nyembamba, kwa hiyo unahitaji mbao nyepesi, takriban kilo 400 kwa mita moja ya ujazo, iliyo ngumu kwa uzito wake. Lukumbi inapigwa kwa kirungu, na mbao yake yenye uzito unaokaribia mara mbili ya huo hupokea pigo bila kuumia na huendelea kulia baada ya kirungu kuondoka.

Kwa nini inaendelea kulia? Jibu lilikuja maabara muda mrefu baada ya mafundi kulijua kwa vitendo. Mwaka 2011 Iris Brémaud na wenzake walichapisha utafiti juu ya paduki ya Afrika. Waliondoa kemikali zilizojaa ndani ya moyo wa mti, zikiwemo zile zinazoupa wekundu, kisha wakapima mtetemo. Mbao iliyoondolewa kemikali hizo ilizima mtetemo upesi zaidi. Watafiti wa Japani walikuwa wamegundua jambo kama hilo katika miaka ya 1990 kwa pernambuko, mti wa uta wa fidla, ambao nao uliwahi kuuzwa Ulaya kwa ajili ya rangi yake nyekundu. Mchongaji aliyechagua moyo mwekundu kuliko wote kwa ajili ya ngoma yake hakuwa anafuata urembo tu. Rangi na sauti vilitegemea kemikali za moyo uleule.

1869–1876: wageni na mitumbwi

David Livingstone alifika Kabambare, ambako yeye alikuita Bambarre, Septemba 1869. Alikwama hapo na katika vitongoji vyake kwa muda mrefu, miezi mingi ya mwaka 1870 akiwa na vidonda vya miguu, akiandika juu ya karatasi zilizokwisha kuchapwa, zile tupu zilipomwishia. Miti ya Manyema, kama Maniema ilivyoitwa wakati huo, ilimshangaza. Aliandika kwamba ilikuwa mirefu kiasi kwamba bunduki ya marisau haikuweza kumdhuru kasuku au kanga aliyetua kileleni, na kwamba msitu ulisongamana hata aliwasikia sokomutu wakinguruma umbali wa yadi kama hamsini asiwaone.

Alipofika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, mti ulikuwa ndio siasa yenyewe. Wagenya, wavuvi na wenyeji wa mto, walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na waliamua nani avuke. Livingstone aliomba mtumbwi akakosa. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa pwani waliufyatulia risasi umati sokoni na mamia wakafa, wengi wakizama walipokimbilia mitumbwi. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874, naye alinyimwa mitumbwi. Cameron aliacha pia maelezo ya viwanda vya chuma vya Manyema, tanuru na wahunzi wake. Bila wahunzi hao hakuna tezo, na bila tezo hakuna mtumbwi wala ngoma.

Novemba 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip na kuufuata mto kwenda kaskazini. Ngoma ziliwatangulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 Stanley alikiri kwamba watu wa visiwani, ingawa hawakuwa na simu ya umeme, walipashana habari kwa ngoma kubwa za mti kwa ufasaha uleule. Msafara uliojiona unaingia mahali pasipojulikana ulikuwa umeshatangazwa kijiji hadi kijiji.

1875–1893: Kasongo ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo karibu mwaka 1875. Pembe za ndovu zilikuwa kiini cha biashara, na utumwa ulikuwa gharama iliyolipwa na wenyeji. Mji ulipanuka pamoja na mashamba ya mpunga, miwa na mahindi. Sidney Hinde, daktari wa kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichouteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya utajiri alioukuta: magodoro ya hariri, bilauri za fedha na kioo, na vitanda vya kuchonga. Vitanda hivyo vinastahili kukumbukwa. Useremala wa pwani, wenye misumeno, viungo vya kufungamana na nakshi za mlangoni, ulikuwa umekutana na nchi ya tezo na gogo moja.

Pamoja na maseremala ilikuja zeze: fimbo bapa yenye vidato vilivyochongwa katika mti huohuo, nyuzi chache, na nusu kibuyu inayokuza sauti. Watafiti wa muziki huihusisha asili yake na Madagaska na Visiwa vya Komoro, na kuenea kwake bara na njia za misafara za karne ya 19. Kongo ya mashariki hadi leo ni nchi ya vyombo vya aina hii. Zeze ilileta namna nyingine ya kuchagua mti. Hapa sauti kubwa hutoka kwenye kibuyu, na fimbo inatakiwa iwe nyepesi ya kushikwa kifuani, ngumu isipindwe na nyuzi, na laini kiasi cha kuruhusu vidato kuchongwa kwa kisu bila kupasuka. Fundi wa zeze anafikiri kama fundi wa shingo ya fidla.

Fidla yenyewe ilikuwa bado pwani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na katika taarabu iliyokua baada ya hapo fidla ilipata kiti cha kudumu. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, mwaka uleule Tippu Tip alipofariki huko. Pembe za Maniema zilikuwa zimelipia sehemu ya fahari ya mji ule. Muziki wake haukupata nafasi ya kurudi Kasongo kwa njia ileile, kwani njia ilikuwa imekatwa na vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani.

1893–1960: mpira, reli, pamba

Virungu vya lukumbi huvikwa kichwa cha mpira wa porini ili vitoe pigo nene lisilojeruhi mti. Utomvu huohuo ndio Dola Huru ya Kongo iliudai kutoka kwa watu kwa nguvu. Ubelgiji ilipoitwaa nchi mwaka 1908, kazi za lazima ziliendelea kwa sura nyingine. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilikamilika karibu na mwaka 1911, na meli za mvuke zilizopanda na kushuka mtoni zilichoma kuni usiku na mchana. Mwaka 1917 kilimo cha lazima cha pamba kilianza, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuwekewa amri hiyo.

Pamba ndiyo iliyobadilisha zaidi uhusiano wa fundi na mti wake, ingawa hutajwa mara chache. Siku zilizotumika shambani zilikuwa siku za kiangazi ambazo zamani gogo lilitafutwa na kukaushwa. Serikali ilihamisha vijiji ikavipanga kando ya barabara ili maofisa wavifikie. Kijiji kiliacha nyuma mabonde ambayo wazee walikuwa wakijua kila paduki iliposimama na ni ipi iliyokuwa imeachiwa ikomae. Msitu ulibaki. Kilichokatika ni ile njia ya miguu kati ya mlango wa fundi na shina alilolichagua babu yake.

Ngoma nyingi zilisafiri kwenda Ubelgiji. Jumba la makumbusho la Tervuren lilizikusanya kwa wingi, na mtafiti wake Jean-Sébastien Laurenty akazipima na kuzipanga: vyombo vya nyuzi katika kitabu cha 1960, ngoma za mwanya katika kitabu cha 1968. Ni kazi ya thamani. Ni jambo la kuhuzunisha pia kwamba mchongaji kijana wa Kasongo anayetaka kuona umbo la zamani huenda akalipata kwa urahisi zaidi katika kitabu cha Kifaransa kuliko nyumbani kwa jirani.

Baada ya 1960: vita, kisha okestra ya Kinshasa

Maasi ya Simba yalipita Maniema mwaka 1964. Vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003 viliipitia tena, safari hii vikikaa miaka. Katika hali hiyo ngoma ilipata hifadhi mahali ambapo zamani ilikataliwa: kanisani. Liturujia ya Zaire iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 iliipa misa ya Kongo muziki na mwendo wa Kiafrika.

Fidla nayo iliota mizizi upande wa pili wa nchi. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbanguiste, na rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya Kimbanguiste mjini Kinshasa. Wanamuziki walikuwa wengi kuliko vyombo. Fidla moja ilipokezanwa, na waya za breki za baiskeli ziligeuzwa nyuzi. Filamu ya mwaka 2010 iitwayo Kinshasa Symphony ilimwonyesha duniani Albert Matubanza, msimamizi wa okestra ambaye pia alikuwa fundi wake. Alijifunza kutengeneza besi kubwa, ndugu mkubwa wa fidla, kwa kuchunguza na kupima chombo kilichotoka nje, kisha akatafuta mbao ndani ya jiji lake.

Hapo swali la Cremona, ni mbao gani inayofaa sauti, liliulizwa kwa uwazi na Mkongo. Sprusi haioti Kinshasa. Fundi wa huko hana budi kutafuta katika mbao za nchi za joto kitu chepesi cha kutosha kwa uso na kigumu cha kutosha kwa shingo, akitumia kidole na sikio, kwa kuwa hakuna orodha iliyoandikwa kwa ajili yake. Miti ya hapa mara nyingi haina miduara ya wazi ya kila mwaka ya kusomwa kwa macho. Uzito, unyoofu wa nyuzi na mlio wa ubao ndivyo vinavyoamua, na hivyo ndivyo vigezo vya mchongaji wa lukumbi.

2011–2022: bei ya wekundu

Katika miaka hiyohiyo dunia ya ala za muziki ilianza kuhesabu miti yake. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor, pamoja na mshirika wake wa Hispania, ilinunua kiwanda cha ebeni cha Crelicam mjini Yaoundé, Kameruni. Bob Taylor alieleza baadaye kwamba wakataji walikuwa wakiangusha miti mingi na kuiacha porini, kwa sababu tu ebeni yake ilikuwa na michirizi ya kahawia na wanunuzi walitaka nyeusi tupu. Michirizi hiyo haipunguzi ugumu wala sauti. Macho ya mteja wa mbali yalikuwa yameshika nafasi ya sikio la fundi, na msitu ndio uliolipa. Tanzania ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine: mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha kuuza mpingo, mti wa zumari za okestra, kutoka misitu wanayoisimamia wenyewe.

Mukula ulikutwa na balaa la aina nyingine. Ulianza kukatwa kwa wingi Zambia mwanzoni mwa muongo wa 2010, kisha Katanga, hasa eneo la Kasenga, magogo yakielekea China kwa ajili ya samani za rangi nyekundu. Malori yalijaa mti ambao kwa vizazi ulikuwa ukikatwa mmoja mmoja. Mnunuzi hakuuliza ulivyolia.

Hatua za kisheria zilikuja kwa vipande. Agizo la serikali ya Kongo la Agosti 2014 liliruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, uwe msitu wa jamii. Kwa Kasongo na Kabambare hilo lina maana ya vitendo, kwani linaweza kuwarudishia watu wa kijiji uamuzi wa ni mti upi uangushwe na upi uachwe ukomae. Mkataba wa kimataifa wa CITES uliuweka mukula chini ya udhibiti mwaka 2019, na mkutano wake wa Panama, Novemba 2022, ukaongeza aina nyingine zote za Pterocarpus za Afrika, paduki ikiwemo.

Masharti yaliyowekwa kwa paduki na mukula yanataja magogo, mbao zilizopasuliwa, vibao vyembamba, mbao za kubandika na mbao zilizosarifiwa kiasi. Ala ya muziki iliyokamilika haimo. Gogo la mukula likivuka mpaka linahitaji kibali cha mkataba huo. Lukumbi iliyochongwa Kasongo kwa mti uleule haikihitaji.